Vita kubwa mezani: kama inakwama, angalia hapa

Bandugu, siku moja ya yenga, mu saloni ya rafiki yetu kule Himbi, hapa Goma, tulianza vita ya mchezo ya hadithi, ile ya ku meza yenye kila mutu anacheza shujaa yake na dadu. Ilikuwa saa nane ya mchana. Orki 60, muadui ya mule mu hadithi, banashuka toka ku mlima, baaskari 40 banalinda mulango ya muji, bashujaa bane ba bachezaji bako katikati. Saa kumi na mbili ya jioni nikahesabu mu kaye yangu: raundi tatu. Na mu mchezo wetu raundi moja ni sekunde 6, basi masaa mane ya batu bazima benye kuacha kazi zao ilikuwa sekunde 18 ya vita. Mutu mumoja alikuwa amelala ku kiti. Ni miye nilikuwa MJ (mwenye kuongoza mchezo na kucheza muadui yote), na ile usiku niliandika kila kitu yenye iliharibika, kisha vita ingine ikakuja nikaandika tena, na ingine tena.

Hii njo ile kaye, nimeisafisha kidogo. Imepangwa kwa dalili: tafuta ile munaona ku meza yenu, soma sababu, kamata dawa. Tunacheza D&D ya 2014 (ni kusema Dungeons and Dragons, toleo ya mwaka ule), hesabu zote zinatoka mule, lakini magonjwa ni yale yale ata mukicheza mchezo mwingine.

Kitu moja mbele ya yote, ju karibu magonjwa yote inatoka hapo. Sisi batu ba Goma tunajua: mutu mwenye alikuwa ndani ya vita hakuona vita, aliona avenyi yake. Aliona ukuta ya jirani, akasikia milio kule Katindo, akauliza nani anapita ku njia, akachagua kubaki ao kukimbia. Jeshi yote, toka mwanzo mpaka mwisho, hakuna mwenye aliiona. Basi MJ asijikaze kuonyesha jeshi yote ku meza. Aonyeshe avenyi.

Dalili: raundi moja inakula saa nzima

Sababu ya kwanza ni dadu. Orki 60, kila mumoja anatupa dadu ya ishirini, tunaangalia kama imefikia ulinzi (namba ya kufikia ili umupige mutu), tunatupa ya madonda, MJ anaandika. Ata ukienda mbio sana ni sekunde 30 kwa orki mumoja, basi dakika 30 ni orki tupu, baaskari bado, bachezaji bado. Kwenda mbio zaidi haisaidie. Dawa ni kuacha kutupa.

Hesabu iko rahisi. Tafuta namba yenye muadui anahitaji ku dadu ili apige. Kamata 21, toa ile namba, gawanya na 20, hapo umepata sehemu ya bale banapiga. Gobelini, muadui mudogo, anaongeza 4 ku dadu yake, mupiganaji wenu ana ulinzi 18, basi gobelini anahitaji 14. 21 toa 14 inabaki 7, saba juu ya ishirini ni asilimia 35. Gobelini 30 bakimurukia, pigo ni kumi na nusu. Kitabu ya MJ ya 2014 iko na hesabu ya namna hii yenye imeshapikwa tayari: kama banahitaji 1 mpaka 5, kila mushambulizi ni pigo moja, 6 mpaka 12, bashambulizi babili kwa pigo moja, 13 ao 14, batatu, 15 ao 16, bane, 17 ao 18, batano, 19, kumi, 20, makumi mbili. Nimeandika hiyo nyuma ya kaye na biki nyekundu na hakuna ukurasa ingine ninafungua kama ile. Ku mfano wetu inatoa 30 gawanya na 3, pigo 10, karibu sawasawa na hesabu kamili. Madonda pia usitupe, kamata wastani, kwa gobelini ni 5. Pigo 10, madonda 50, imeisha, hatujamaliza ata dakika.

Sababu ya pili ilinichukua muda kuiona. Mu ile masaa mane, zaidi ya nusu nilikuwa ninatupa dadu ya orki benye kupiga baaskari na dadu ya baaskari benye kupiga orki. Nilikuwa ninacheza miye na miye, bachezaji bananiangalia. Toka siku ile tuko na sheria: fasi yenye hakuna shujaa, hakuna dadu. Kule vita inaendelea kwa mustari (nitaieleza chini) na kwa maneno ya MJ tu. Na fasi yenye baaskari bako pamoja na shujaa, baaskari ni ya muchezaji, yeye njo anabatuma, yeye njo anabahesabia. Kila muchezaji na kikundi yake. Bachezaji banapenda baaskari babo namna sikuwaza, siku ya pili tu babili walishakuwa na majina na mumoja alikuwa na deni ya bia.

Kukusanya batu mu kikundi haiko kitu mpya. Chainmail ya 1971, ile mchezo ya vita ya sanamu ndogo yenye D&D ya 1974 ilizaliwa kwake, ilihesabu sanamu moja kama batu 20, na shujaa alipigana kama batu bane. Sisi tunatumia bifuniko ya chupa, moja ni batu kumi. Ya Fanta ni baaskari, ya Primus ni orki. Orki 60 ni bifuniko sita ku meza, na macho inapumzika.

Iko na sababu ya tatu, ndogo: muchezaji anafikiri sana. Ukimuonyesha orki 60 na munara na mto na mulango kwa mara moja, atapima kila kitu, ni haki yake. Muulize paka hii: uko fasi gani, na nini iko mbele ya macho yako? Jibu inakuja haraka.

Dalili: bachezaji banasema "kisha?"

Hii njo ugonjwa mubaya kupita yote na inajificha, ju meza inaweza kwenda mbio vizuri kabisa na bado iko mugonjwa. Unasema "orki bamevunja ukuta ya kaskazini", banakujibu "kisha?" Unasema "baaskari barudi nyuma", "kisha?" Bamekuwa kama batu benye kusikiliza mechi ku radio. Zamu yao ikifika, banapiga orki mwenye yuko karibu, banaua mumoja, bakuje bengine batatu, na banajua mu roho kama ile moja haibadilishe kitu.

Sababu: umebaweka kama batu bane ndani ya jeshi ya batu mia. Bane juu ya mia ni bane tu, upanga ikuwe ya ajabu namna gani.

Dawa ni kutafuta fasi yenye batu bane banaweza kugeuza ya batu mia nne. Na mu vita ile fasi haikosekane. Daraja. Mulango. Ngoma yenye inatoa amri, ju orki habana njia ingine ya kusikilizana mbali. Ghala ya mishale. Mujumbe mwenye barua. Chifu mwenye bengine banamufuata juu ya woga tu, yeye akianguka na woga inaanguka. Mbele ya vita ninaandika fasi nne za namna ile, na ninahakikisha bashujaa bataweza kufika ku mbili tu. Hapo njo kuko mchezo. Zile mbili zenye bataacha, zitaharibika, na batajua ni bo balichagua.

Vita yetu ya pili ilikuwa ku muji moja ya pembeni ya ziwa. Fasi nne: mulango ya kaskazini, mitumbwi yenye kubeba mama na batoto kwenda ng'ambo, mashine ya kurusha mawe, yenye orki balipandisha ku kilima, na ngoma ya chifu yao, nyuma kabisa. Bachezaji babishana dakika makumi mbili kamili, bamoja banasema mulango, bengine banasema mutu hawezi kuacha mitumbwi, mumoja anasema tukikata ngoma kila kitu kinapungua. Mbele, ningebakatiza ju "vita inachelewa". Sikubakatiza, na ninafurahi mpaka leo, ile dakika makumi mbili ilikuwa vita yenyewe. Bakagawana, babili ku mitumbwi, babili ku ngoma. Mulango ikaanguka. Balisikia tu ile mulio toka mbali, na kila mutu ku meza akanyamaza, ju balijua majina ya baaskari benye balibaki kule.

Sasa ile mustari. Kata karto, chora kare saba, weka kifuniko katikati. Upande moja ni ushindi yetu, upande ingine ni muji kuanguka. Gawanya vita mu bipindi, kila kipindi ni kama dakika kumi ya mule mu hadithi. Ndani ya kipindi bashujaa banapigana pigano yao ya kawaida, raundi tatu ao nne, na muadui nane mpaka kumi na mbili, hapana kupita. (Mutu atauliza dakika kumi inatoka wapi kama raundi nne ni sekunde 24. Ile ingine ni kukimbia, kupanda ngazi, kutafuta njia ndani ya moshi, kufunga kidonda, kupumua.) Mwisho ya kipindi, MJ anatupa dadu mbili za sita, mara moja tu kwa jeshi zote mbili. Ongeza 2 kwa kila fasi bashujaa balishinda, toa 1 kwa kila fasi yenye ilibaki bila mutu. Ikitoka 5 ao chini, kifuniko inasogea kare moja upande mubaya. 6 mpaka 8, inabaki. 9 na juu, inasogea upande yetu. Bila nyongeza, nafasi ya kurudi nyuma na ya kwenda mbele ni sawasawa, 10 juu ya 36 kila upande, basi kila kitu inategemea bashujaa balifanya nini. Sheria ni ile tu. Nilikuwa nayo ya kurasa nne, nikaitupa.

Na kifuniko ikisogea, usiseme "tumepoteza kare moja". Sema kile bashujaa banaona toka fasi bako: moshi inatoka upande ya soko, baaskari babili banapita mbio na hawana tena ngao, kengele ya munara ilikuwa inalia na sasa imenyamaza. Picha moja. Moja inatosha.

Dalili: bachezaji banaamuru jeshi kama benye kuwa ku elikopta

Sababu: mapa yote iko wazi mbele yabo, basi bo ni jenerali mwenye kuona kila kitu. Dawa ni ya zamani sana. Mu 1824, kule Prussia, ofisa mumoja kwa jina von Reisswitz alitoa mchezo wa kufundisha baofisa, na mule kulikuwa mwamuzi katikati: wachezaji banaandika amri, mwamuzi anaamua amri inafika saa gani na nani anaona nini. Fanya vile. Amri kwa kikundi ya mbali inapelekwa na mujumbe, inafika kipindi yenye kufuata, na mujumbe anaweza kukamatwa. Toka nilianza hiyo, bachezaji banaanza kulinda bajumbe kuliko bajenerali.

Dalili: shujaa anakufa mbele ya kufanya kitu

Rudia ile hesabu ya gobelini 30: pigo 10, madonda 50. Mupiganaji wa leveli 5 mwenye mwili ya nguvu kidogo ana pointi ya uhai kama 44. Ameanguka, na zamu yake haijafika. Muchezaji anakuangalia na huna cha kumuambia.

Hapa lazima kuelewa kitu yenye inadanganya BaMJ bengi. Mutu anapanga "baaskari 20 na orki 30, itakuwa ngumu lakini itaenda". Haiendi. Lanchester, enjinia mwingereza, aliandika hesabu ya hii mu kitabu yake ya 1916: pale kila mutu anaweza kupiga kila mutu, nguvu ya jeshi inakwenda na hesabu yake mara yenyewe. 30 mara 30 ni 900, 20 mara 20 ni 400. Tofauti ni 500, na namba yenye ikijizidisha inatoa 500 ni 22 na kitu. Maana yake, kama bako sawa kwa nguvu, orki 30 banamaliza baaskari 20 bote na babaki 22. Hapana 10, ni 22! Kuongeza gobelini kumi ku meza haiko kuongeza ugumu kumi.

Dawa inatoka mu ile hesabu yenyewe. Inafanya kazi paka pale bote banaweza kufikiana. Basi punguza fasi. Daraja ya batu batatu mbele. Kichochoro katikati ya kuta mbili. Ngazi. Pale 30 banangoja nyuma na batatu tu banapiga, wingi inapoteza nguvu yake na shujaa mwenye ulinzi 18 anakuwa kizibo cha kweli. Bachezaji wangu sasa, mbele ya kila vita, swali ya kwanza ni "fasi yenye kukaza iko wapi?", na ile inanifurahisha sana.

Ya pili, mishale. Bapiga-upinde 50 benye kuhitaji 15 ku dadu, pigo 15 hivi kwa raundi kama bote banalenga mutu mumoja. Usibaache balenge mutu mumoja. Mu vurugu, na moshi, na ngao, kikundi inapiga fasi, haipigi mutu: gawanya yale mapigo kwa bote benye bako mu ile fasi, baaskari na mashujaa pamoja. Ni haki na tena inafanana na kweli.

Dalili: muchawi amemaliza vita na neno moja (ao neno yake haikufanya kitu)

Mpira ya moto. Nusu kipenyo futi 20, dadu nane za sita, wastani 28. Mu duara ile munaingia kare karibu 50 za futi 5. Gobelini ana pointi 7, basi ata akikwepa na kupata nusu, yaani 14, amekufa vile vile. Usipoteze muda kutupa dadu ya kukwepa kwa gobelini. Orki ana 15: mwenye hakukwepa amekufa, mwenye amekwepa, kwa wastani, amebaki na pointi moja tu na ndevu yake inawaka.

Kama umeweka gobelini 50 bega kwa bega ku uwanja, umetengeneza mwenyewe ile shida. Lakini usimuadhibu muchawi kwa kusema moto haikufanya kitu, ile inavunja moyo kabisa, ju ameshikilia ile neno toka asubuhi na leveli 5 inaanza siku nayo mbili tu. Sisi tunafanya hivi: bila mapa, kitabu ya 2014 inashauri kugawanya ile futi 20 na 5, batu bane bamepatwa. Tunakamata bane kama muadui batawanyika, nane kama bamebanana, na kikundi yote, ata kama bengi bazima, inapima moyo palepale (angalia dalili yenye kufuata). Moto inaua batu nane na inakimbiza makumi mbili. Muchawi ameshinda kipindi, vita inabaki.

Na mukumbuke: moto ile inafika futi 150, na upinde murefu pia inalenga futi 150 bila shida. Muchawi mwenye kusimama ku ukuta na mikono juu ameonekana.

Dalili: vita haiishi

Inafika saa ya kurudi nyumbani, motari anapiga oni inje, na bado kuko orki 14 benye kupigana mpaka tone ya mwisho kama hawana mama.

Sababu: hakuna mutu anakimbia. Na batu banakimbia! Kila mutu hapa amekwisha kuona jeshi inakimbia, inaacha buti ku njia. Jeshi inavunjika mbele ya kuisha. Toleo ya D&D ya 1981 ilikuwa nayo sheria nzuri sana yenye tulirudisha ku meza yetu: kila muadui ana namba ya moyo, gobelini 7, orki 8. Tupa dadu mbili za sita, ikipita ile namba, banakimbia ao banajitoa. Unapima mara mbili: pale mutu wa kwanza amekufa, na pale nusu imeanguka. Gobelini banavunjika karibu mara 4 juu ya 10 kila kipimo, orki kama 3 juu ya 10. Sisi tuliongeza kipimo ya tatu, pale chifu anaanguka.

Fanya ile kwa baaskari yenu pia. Mara ya kwanza baaskari ya muchezaji balivunjika na kukimbia, yeye hakukimbia, alisimama ku njia na akabaambia maneno, kwa mdomo yake mwenyewe, dakika mbili, saloni mzima kimya, kisha akatupa dadu ya ushawishi. Ikapita. Sijaona kitu nzuri kama ile ku meza yangu.

Dalili: hakuna mwenye anajua nani yuko wapi

Kare ya futi 5 ni ya saloni na korido. Uwanja wa vita wa mita 300 ni kare 200 hivi upande moja, hakuna meza yenye inabeba. Chora fasi tano ao sita ku karto, andika jina ya kila moja, na kutoka fasi moja kwenda ya jirani ni zamu moja. Kwa milima na kuta tunaokota mawe ya volkano, sisi tuko na bahati, iko inje ya kila mulango toka Nyiragongo ilishuka mu 2002 na 2021, nyeusi na matundu matundu, na ikiwekwa ku meza na buji nyuma yake inatosha kabisa.

Dalili: mutu amenyamaza

Hii usipite haraka.

Mwezi wa kwanza 2025 vita iliingia ndani ya muji yetu. Miezi nyuma yake tulirudi ku meza, na miye nilikuwa ninaeleza mawe yenye kuanguka ku manyumba, ile mulio mbele ya kuanguka, batu benye kulala chini ya meza. Nilikuwa ninaeleza vizuri, ninajua. Muchezaji wetu mumoja akaweka dadu chini polepole na akaangalia dirisha. Nikawaza amechoka, nikaendelea. Hakurudi wiki mbili. Ile kosa ni yangu na ingali inaniuma.

Sababu iko wazi. Ku batu bengi hapa vita haiko hadithi, na MJ mwenye kueleza vizuri anafungua mulango yenye mutu alifunga kwa nguvu.

Dawa inaanza mbele ya kampeni, hapana siku ya vita. Andikia kila muchezaji peke yake ku telefone, ju mbele ya bengine hakuna mwenye atasema: kitu gani isiingie ku meza? Usiulize sababu. Sisi tuko na bitu bine mu ukurasa ya kwanza ya kaye: hakuna batoto benye kushikishwa silaha, hakuna ubakaji ata kwa kusikia mbali, hakuna kabila ao kikundi ya kweli yenye kuvalishwa ngozi ya orki, hakuna mulio ya mabomu. Ya tatu niliongeza mwenyewe na sitaitoa. Kisha weka karatasi yenye alama ya X katikati ya meza. Ni wazo ya John Stavropoulos, mutu yeyote anaigusa, na kile kilikuwa kinaelezwa kinaachwa palepale, bila maswali, MJ anaruka mbele. MJ pia ana haki ya kuigusa.

Na usikimbilie kuwaza kama dawa ni kuacha vita. Ule rafiki mwenye aliweka dadu chini, alipokuja tena, nilimuambia tunaweza kucheza hadithi ya biashara, ya safari, ya kutafuta hazina. Akakataa. Alitaka vita, lakini aliomba kitu moja: kama bashujaa banachagua mitumbwi, mitumbwi ifike. Kila mara. Bila dadu. Nikaandika ile kama sheria ya tano, na hakuna muchezaji ata mumoja amelalamika kama ile inapunguza utamu.

Dalili: umeme imekatika katikati ya kipindi

Piga meza foto na flashi mbele ya mutu yeyote kusogea. Andika mu kaye bitu ine: kifuniko iko ku kare ya ngapi, kila kikundi inabaki na batu bangapi, muchawi amebakiza maneno mangapi, zamu ilikuwa ya nani. Kisha washa buji na mumalize ile kipindi moja tu, hapana ingine, ju ku mwangaza ya buji 6 na 9 ku dadu ya kumi zinafanana na batu banaanza kugombana. Bifuniko tia mu sashe mbili, Fanta mbali, Primus mbali, na karto yenye mustari ibaki ku nyumba ya MJ mpaka yenga yenye kukuja.